Aliyenishika Koo

Muthangari,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Peres,

Habari za Doha na hilo joto lake? Natumaini mgongo umepata nafuu na kwamba unapumzika japo Ijumaa. Sisi huku tunaendelea. Mama bado anasuka nywele pale Kenyatta Market.

Najua alikupigia simu akilia. Nimeona heri uyasikie yaliyonipata kwangu mwenyewe.

Shahada yangu ya uzamili, ile ya saikolojia ya uhalifu, imefika kwenye mazoezi. Tunazungumza na washtakiwa ili mahakama ijue kama walikuwa na akili timamu walipotenda. Mimi nilipewa Ochola, fundi wa kuchomelea vyuma. Alimuua mdogo wake, Oyoo, kwa kumkata panga usoni na shingoni, akaendelea kukata hata baada ya kijana kuanguka. Tangu nione zile picha, nyama hainipiti kooni.

Nilipomuuliza habari za Oyoo kule rumande, aliruka meza. Alinikaba koo, akanigonga kichwa ukutani tena na tena, huku akininong'oneza kwa upole, "Tulia, Oyoo. Tulia nikitoe hicho kitu." Mdomo ulinijaa damu. Askari walimpiga rungu hadi mkono wake ukavunjika, ndipo akaniachia. Nilishonwa kisogoni, na sauti yangu bado inakwaruza.

Nilimchukia, Shangazi. Kule wodini nilitamani wangemuua.

Msimamizi wangu, Daktari Ndambuki, aliniambia niachane na kesi hiyo. Niliachana nayo, lakini nilimweleza yale maneno. Akaenda kumpima mwenyewe, akagundua ugonjwa wa akili ambao haukuwahi kutibiwa. Ochola aliamini kuna kitu kimemwingia ndugu yake, na kwamba alikuwa akimwokoa. Daktari akayasema hayo mahakamani, na jaji akaagiza azuiliwe hospitalini atibiwe.

Tulipotoka nje, mama yao, aliyejua kwamba maneno yale yalitoka kwangu, alinizaba kofi mbele ya watu. Sikujitetea. Kisha akaning'ang'ania mkono, akauliza, "Na akipona, ni nani atamwambia alichofanya?"

Baadaye nilimwomba Daktari niwepo siku Ochola atakapoambiwa. Mama yangu hataki kusikia habari hiyo. Zungumza naye, Shangazi, wewe anakusikiliza.

Nisalimie binamu Zedekiah na Mercyline. Mungu awafunike huko ugenini, awarudishe mkiwa wazima.

Nami nakiri kwamba naogopa siku hiyo. Lakini nitakwenda.

Wako akupendaye,
Jacklyne