Uzito wa Zuhura

Jumatano, baada ya magharibi

...na mimi ndiye niliyekuwa nikimharibia starehe yake. Kila jioni mdogo wangu Zuhura alicheza gemu kwenye simu, ile ya msichana shujaa anayegeuka shomoro akapenya dirishani. Mwalimu wa fizikia ningenyamazaje? "Haiwezekani," nilimwambia. "Mtu wa kilo sitini hawi shomoro. Mifupa ingesagika. Na uzito wote ule unakwenda wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Dada nawe! Si anamwachia mtu amshikie."

Nikamjibu kwamba huo ni upuuzi. Nilimwambia hivyo, naye mgonjwa.

Leo mchana tumemwosha. Shangazi akaniambia nimlaze ubavu wa kushoto, aanze kuosha wa kulia. Nikajikaza kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayenyanyua gunia. Akainuka kama mtoto mchanga. Miezi ile yote ya kuumwa, nilikuwa namwona anakonda, ila sikujua kwamba...

"Taratibu," shangazi akasema, "hana uzito huyu."

Tangu wanaume warudi kutoka makaburini nimekaa hapa kitandani, hata kanga ya msibani sijaweza kuivua. Mwili mzima umenilemea.

Zuhura, kumbe uliniachia mimi.