Majani Manne ya Springi

Kwako mdogo wangu,

Mimi kaka yako nimetimiza miaka sabini na tisa, na nyundo ya kilo nne bado naiinua kwa mkono mmoja. Nimezika wake wawili, nimezika meno yangu yote ya juu, na mafundi watatu niliowafundisha kazi wakadhani watanizika mimi. Malori niliyoyatengeneza ujanani yote yameyeyushwa yakawa sufuria, mimi nipo. Basi ujue kwamba ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na usingizi. Nawe hujambo? Shemeji hajambo, miguu imeacha kuvimba? Wajukuu nao? Wape wote salamu zangu, hata yule mdogo aliyesema ndevu zangu zinanuka moshi. Hakusema uongo.

Utashangaa kuona mwandiko huu wa kuku. Barua zote za nyuma aliniandikia fundi cherehani wa hapa jirani, mimi nikimtajia. Hii nimeiandika mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa penseli ninayochorea vyuma. Unajua nilisoma madarasa mawili tu, na lile la watu wazima nikalikimbia kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Penye kosa uvumilie. Sikutaka haya yapite kwenye sikio la mtu mwingine kabla ya kufika kwako.

Barua yako niliipata. Uliandika kwamba jina la mwanao lisitajwe tena nyumbani mwako, kwamba aliyeua watu wawili kwa kupenda mwendo si damu yako. Nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Hukumu yake inasomwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nakuomba uketi, uniache nieleze kwa utaratibu wangu, usiniruke.

Wewe pikapu ile hukuiona. Ni ya umeme, mali ya kampuni ya machimbo ya mawe huko mlimani, na mwanao ndiye aliyekabidhiwa. Siku ya kwanza alipoingia nayo gerejini kwangu sikusikia kitu. Nikadhani masikio nayo yameaga, mpaka akanigusa bega akicheka, baba mkubwa, mimi huyu. Kwa kuwa nina umeme mkubwa wa kuchomelea, kampuni ilikubaliana nami kwamba kila Jumapili, machimbo yakifungwa, aliache gari kwangu lichaji kutwa nzima. Akishachomeka waya alikuwa ananipikia uji, kisha anakwenda kucheza mpira wa wazee, maana naye mvi zimeanza. Hakuna Jumapili aliyosahau uji.

Gari lilikuwa zuri ila lilikuwa na tabia moja. Likiwa tupu lilirusha watu. Kila asubuhi lilipandisha wafanyakazi wawili, mchonga mawe tuliyemwita Kiuno kwa sababu ya mgongo wake mbovu, na mpishi wa machimbo, Mama Sufuria. Wote walipita hapa kwangu. Mama Sufuria alisema gari hilo liliachishwa ziwa mapema, ndiyo maana linapiga mateke. Alisema anatoka nyumbani na figo mbili na akifika juu inabidi ajipapase kuhakikisha. Kiuno hakuwa mtu wa mzaha, alishuka akijishika kiuno na jasho limemtoka, lakini siku moja akanitupia jiwe la maneno. Akaniuliza, wewe Nyundo unayejipiga kifua mji mzima kwamba hakuna springi iliyokushinda, mbona hili limekushinda? Au wewe ni fundi wa magari marehemu tu? Watu wa gereji nzima walicheka. Nilicheka nao, lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani.

Unijue vizuri, mdogo wangu. Miaka hamsini na mitano nimefua springi. Zile springi za nyuma za pikapu ni vyuma vipana vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, majani tunayaita. Ukiongeza jani gari linakuwa gumu na kubeba zaidi, ukipunguza linalainika. Hakuna mtu mji huu anayejua hayo kuliko mimi, na hilo silirudishi hata leo.

Nikamwambia mwanao anipe gari nilifundishe adabu. Akakataa. Alisema kuna binti, fundi wa walioliuza, anayekuja kila miezi mitatu kulikagua, na amekataza springi zisiguswe. Nikasema mlete huyo binti. Akaja kweli, mfupi, suruali ya kazi, kalamu sikioni. Aliniamkia vizuri. Kisha akachuchumaa na kunionyesha tumbo la gari, sanduku pana la betri kutoka ekseli hadi ekseli, uzito wake kama fahali wawili, na wanapanda wote hata gari likiwa tupu. Akapima kwa mkono kutoka chini hadi kwenye sanduku, shibiri moja na vidole viwili. Likijaa mawe, akasema, linashuka hadi shibiri kasoro. Walioliunda walijua litawachosha watu, wakachagua hivyo kwa makusudi, kwani raha ya abiria wameiuza ili tumbo lisiguse ardhi. Akanishauri kama nataka kuwapunguzia mateso nibadilishe shokapu, au nipunguze upepo wa tairi kidogo, lakini majani ya springi niyaache matano kwa matano kama yalivyo. Akayahesabu mbele yangu na kuandika kwenye karatasi yake.

Nikamwuliza ana miaka mingapi. Akasema ishirini na saba. Nikamwambia nina nyundo iliyomzidi umri. Watu wakacheka tena, safari hii upande wangu, na nikaona raha.

Jumapili iliyofuata nililishughulikia gari lile. Nilishughulikia nini, nitakuambia mbele, mkono bado haujawa tayari. Mwanao aliporudi jioni nilimwambia nimepaka grisi tu kwenye springi, zilikuwa kavu. Nikamkalisha, nikajaza kikombe cha chai mpaka ukingoni, nikakiweka mbele pale kwenye dashibodi, tukazunguka barabara ya mashimo nyuma ya soko la mbao. Chai haikumwagika hata tone. Mwanao alinitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo, nilipompindia waya ukawa baiskeli. Akasema, baba mkubwa, wewe si wa kawaida.

Jumatatu Mama Sufuria alipiga vigelegele gari likiwa linakwenda. Alisema sasa analala njiani kama mtu na mume wake. Kiuno alishuka bila kujishika. Akanipa mkono, akaushikilia muda mrefu, machozi yamemlengalenga. Alikuwa hajapanda gari bila maumivu mwaka wa tisa ule. Siku kumi nilitembea mji huu kama jogoo.

Siku ya kumi na moja walikuwa wanashuka mlimani saa saba mchana, gari limejaa mawe yaliyochongwa, Kiuno na Mama Sufuria viti vya nyuma. Kwenye kona ya tatu kuna mwamba umejitokeza katikati ya njia, kila mtu anaujua, mwanao ameupita kati ya magurudumu mara mia. Siku hiyo tumbo la gari liliuparuza. Betri ikapasuka. Yule binti aliniambia baadaye kwamba betri ya namna ile ikipasuka haiwaki kama petroli, inafoka moto, na maji haiyasikii. Gari lilikwenda likalala kwenye ukuta wa mlima kwa upande wa milango yao. Mwanao alitoka kwa kioo cha mbele, akarudi kuwavuta kwa mikono mitupu, akarudi tena. Mikono yake umeambiwa ilivyo. Waliokuwa juu machimboni walimsikia Mama Sufuria kwa muda. Sitaandika zaidi hapo.

Polisi wakasema mwendo. Wakasema barabara ni ileile, mwamba ni uleule, gari ni lilelile, basi kilichobadilika ni dereva. Mwanao akawaambia hakukimbia. Wakamwuliza kama gari liliguswa na fundi yeyote, akajibu kwa moyo mweupe, baba mkubwa alipaka grisi, basi. Ndipo wakanifuata.

Hawakunifuata kunishika, mdogo wangu. Walinifuata kuniheshimu. Mkuu wao alisema hapa mjini hakuna anayejua springi kama mimi, akaniomba niende uani kwao ulipo mzoga wa gari, nichungulie, niwape neno la mtaalamu. Nikaenda na kofia yangu. Nikalala chali chini ya chuma kile cheusi kilichonuka. Nikahesabu, ingawa sikuhitaji kuhesabu. Kushoto matatu. Kulia matatu.

Nikatoka, nikajifuta mikono, nikasema springi ni kamili, kama zilivyotoka kiwandani. Wakaandika. Nikaweka dole gumba.

Sasa umejua. Jumapili ile sikupaka grisi. Nilifungua yubolti, zile bolti zilizopinda zinazobana springi kwenye ekseli, nikatoa majani mawili kushoto na mawili kulia, nikafunga tena, kazi safi, hata alama ya spana huioni. Nililijaribu likiwa tupu, kwa kikombe cha chai, kama mpumbavu. Mawe sikuyapakia maana ilikuwa Jumapili. Nililihesabu kama lori langu la zamani, ambalo tumboni lina hewa tu, likigusa mwamba linakwaruzika na kuendelea na safari. Binti alinionyesha fahali wawili kwa mkono wake, nami nilikuwa natazama watu kama wanacheka. Mwanao hakukimbia, hakufanya kosa lolote. Alipita pale alipopita siku zote, ila mimi nilikuwa nimemshusha chini bila kumwambia.

Juzi nilikwenda kumwona mahabusu. Mikono bado imefungwa, analishwa na mwenzake kwa kijiko. Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, baba mkubwa, nimefikiri sana, huenda kweli nilikimbia. Huenda nilisinzia macho wazi, gari lilikuwa laini mno. Akasema atawaambia ni kosa lake, ili ndugu wa marehemu wapate kupumzika. Kisha akanishukuru kwa kuja, kwa kuwa wewe hujaja. Akaniuliza kama Jumapili nakula uji.

Nikaondoka bila kusema. Ndiyo huyo kaka yako, fundi asiyeshindwa. Nilifika nyumbani nikachukua penseli.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mkuu yule yule na kofia ileile, nilifute lile dole gumba. Wakinicheka nitawasimulia bolti kwa bolti. Wakinifunga, miaka niliyobaki nayo si mingi, nitaimaliza kwa chakula chao. Lakini naogopa jambo moja. Mimi ni mzee na ni baba mkubwa wa mshtakiwa. Watasema babu huyu amejitoa ili kumwokoa kijana, maneno ya uchungu tu. Na majani yale manne siyo ya kuonyesha tena. Siku ya tatu baada ya maziko niliyatia motoni nikayafua mapanga. Niliogopa kuyaona pale ukutani gerejini nilipoyaegemeza. Matatu wamenunua watu wa mnadani, siwajui.

Hivyo nakutajia wanaoweza kusimama nami. Wa kwanza ni mchomeleaji wa kibanda cha pili, aliniona chini ya gari Jumapili ile na akanipa spana namba ishirini na nne, akaniuliza kama nimeruhusiwa, nikamwambia afumbe mdomo wake. Ameufumba mpaka leo, na sasa nimemwachilia aseme. Wa pili ni yule binti, ana karatasi iliyoandikwa matano kwa matano. Nimempigia simu, amelia, kisha amesema atakuja. Wa tatu ni mzoga wenyewe, uko uani polisi, anayejua kuhesabu hadi tatu ahesabu.

Wa nne unaye wewe. Ni panga lile nililokutumia mwezi uliopita, ukanisifu kwamba linakata gogo kama mkate. Unajua desturi yangu, sifuti namba za kiwanda upande wa mpini, ili mteja aone kwamba chuma ni springi halisi na si bati. Hata siku ile sifa ilinishinda, nikaziacha. Zisome, kisha zilinganishwe na zile zilizobaki kwenye mzoga. Herufi mbili na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile.

Msalimie shemeji, umwambie mwanawe ni msafi. Kisha uje, Alhamisi isikukute huko, na ukifika mahabusu umwite mwanao kwa jina lake, kwa sauti. Panga ulifunge kwenye gunia ulilete, na kabla ya hapo usilinoe wala usilikatie kitu.

Kaka yako,
Nyundo