Vifuniko Viwili vya Oili

Shoga, nimerudi sasa hivi kutoka kumzika Mama Eneida na bado nasikia kichefuchefu. Si cha maiti. Ni cha shemeji yangu Wilmer!

Jana, tukiandaa boti yangu ya kumbeba marehemu, nilimwambia mara mbili: tangi la petroli la lita ishirini na tano, changanya nusu lita ya oili. Akaitikia, "Sawa, shemeji." Unajua alitia nini? Vifuniko viwili vya chupa. Vifuniko viwili, Maritza!!

Ati oili nyingi inaifanya injini iwe nzito, naye alitaka tuipite boti ya waimbaji wa mazishi.

Na kweli ilikimbia. Robo saa tu. Kisha ikapiga ukelele, ikazimika. Pistoni imeng'ang'ania silinda. Mto Atrato ukatubeba, tukayapita makaburi na jeneza letu, watu ukingoni wanatukodolea macho!!

Dalila, bintiye marehemu, akaniuliza huku analia, "Hata mama yangu umeshindwa kumfikisha?"

Wilmer akadakia, "Mimi nilimkumbusha aweke oili."

Alinitazama usoni, akasema hivyo. Pfuu!

Nikachovya vidole kwenye tangi, nikampaka Dalila kiganjani. "Sugua. Kuna utelezi?"

"Hakuna."

Akageuka. "Tangi alijaza nani?"

Boti nzima ikamtazama Wilmer. Yeye akatazama maji.

Waimbaji wakaja kutukokota, tukazika. Injini iliyosomesha wanangu imekufa.

Na sasa hivi Wilmer kanipigia simu. Hajaomba radhi. Anauliza kesho tunaondoka na abiria saa ngapi.