Waume watatu, neno moja la mwisho

Mwenzangu, nimetoka ukumbini sasa hivi.

Yule mwalimu aliyeletwa kutufundisha sisi wajane kusimulia habari zetu mbele ya wageni, Mungu anisamehe, ni mtupu kichwani. Mtupu kabisa!

Mke wa marehemu fundi viatu kasimama kusimulia mumewe alivyokata roho: "Akanishika mkono, akasema, walee wanangu." Leso machoni. Wa pili naye: "Akanishika mkono, akasema, walee wanangu." Leso tena! Kumbe mwalimu katugawia sote maneno yaleyale. Hata mimi ndiyo aliyonikaririsha.

Wa tatu ni jirani yangu mshonaji. Unajua hakujaliwa mtoto. Naye eti, "walee wanangu"! Wageni wakaziba midomo wasicheke. Maskini akashuka analia kweli.

Zamu yangu. Leso nikaiacha kwenye kiti. Nikasema, "Wangu alikufa nikiwa uani naanika mashati yake. Alikuwa ameomba chai. Sikumwahi." Nikashuka.

Mwalimu kanikimbilia mlangoni: "Mama, umeiharibu hadithi nzuri!"

Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile Mungu alikuwepo. Wewe hukuwepo."