Minyaa ya Muyinga

Jumanne, Gitega

Nimerudi kutoka Muyinga tangu saa kumi, na bado nina hasira na mimi mwenyewe.

Ofisi ilinituma kuwatembeza wawekezaji wa Tanzania kwa sababu nimekulia kwao, kwenye kambi ya wakimbizi. Wanataka kujenga kiwanda cha parachichi karibu na mpaka, na kiwanja wamekipenda.

Mama anayewaongoza akaniuliza, "Minyaa hii nani aliipanda?"

Mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji pale, akaniwahi kujibu: "Ni ya zamani tu, mama. Hapa hakuna mwenyewe."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Mimi! Mrundi gani asiyejua kuwa minyaa iliyozunguka mahali ni uzio wa nyumba ya mtu? Baba aliporudi kutoka ukimbizini, kwetu Ryansoro alipatambua kwa minyaa tu. Tulikuta pameshagawiwa watu wengine. "Tuliambiwa hakuna mwenyewe," ndivyo walivyotujibu.

Muyinga inakihitaji kiwanda kile, sibishi. Vijana wake wanavuka mpaka kila msimu kwenda kulimia watu.

Lakini mwenye uzio ule huenda yuko kambini bado, anawaelekeza wanawe kama baba alivyotuelekeza sisi: "Mkifika, tafuteni minyaa."