Nani Alisogeza Kioo

2 Mei

Shemeji mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na maabara yako? Mimi mzima, ila nyumba imepoa. Mke wangu ameondoka tangu Jumapili. Sikufichi, nilimpiga, na nilipitiliza: jino lilitoka, shuka ikabidi niiloweke. Lakini mdogo wako naye ana mdomo. Kama yuko kwako, mwambie arudi kwa hiari yake. Nikimfuata mimi itakuwa habari nyingine.

Ile stendi ya chuma niliyokuchomelea inashika vizuri, au inatikisika? Na ulisema inabeba nini vile?

Shemeji yako,
Fundi


6 Mei

Fundi,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Kwangu hayupo. Na mwenye mdomo unamjibu kwa mdomo, bwana, si kwa ngumi.

Stendi imetulia. Inabeba kioo kinachoufanya mwanga wa leza uende ukijisokota, kama maji yanayoingia tundu la sinki. Katikati linabaki shimo jeusi. Kazi yangu ni kupima umejisokota mara ngapi. Mwanga ukiwa safi ni rahisi. Lakini sisi tunauvuruga makusudi kwa kioo cha ukungu kinachozunguka, ili ufanane na mwanga uliopita kwenye hewa chafu, na lile shimo linafukiwa. Kwa macho unaona doa tu. Basi tunaugawa, nusu tunaigeuza kichwa chini na kuilaza juu ya nusu ya pili. Inatokea mistari, pale inapofutika panabaki duara. Idadi ya maduara ndiyo idadi ya misokoto.

Ni kazi ya watu wawili: mmoja anasogeza kioo kidogo kidogo gizani, mwingine anasoma namba kwenye kompyuta. Mtaalamu wetu amesafiri hadi Julai, kwa hiyo nimekaa tu nafuta vumbi.

Shemeji yako


15 Mei

Shemeji,

Shikamoo tena. Habari za kufuta vumbi? Nimefika kwa mama yenu. Alikataa kufungua, nikafungua kwa nyundo. Aliteleza mwenyewe, mkono ule sikuuvunja mimi. Mpe pole.

Usinione mjinga. Yeyote anayemficha mke wangu nitamkunja kama nondo, awe mwanamume, awe mwanamke, awe na elimu.

Kwa heshima zote,
Fundi


21 Mei

Fundi,

Leo huipati marahaba yangu. Mama amefungwa plasta mpaka kiwiko, hawezi hata kuchana nywele. Ukigusa tena mlango wake nakwenda polisi kwa miguu yangu.

Huku angalau kazi imekubali. Jana maduara yalijitokeza, matatu, meusi, hayana ubishi, na kioo cha ukungu kilikuwa kinazunguka kwa kasi. Nilisoma namba huku kioo kikisogezwa kwa utulivu ambao mtaalamu mwenyewe hana. Nilipiga vigelegele humo gizani kama mwehu.

Tulia, Fundi. Nenda kazini, rudi, lala.

Shemeji yako


23 Mei

Shemeji,

Shikamoo. Natumaini afya yako ni njema. Hongera kwa maduara.

Mlinzi wenu wa getini ananiambia mtaalamu hajarudi. Kazi ya watu wawili, uliniandikia mwenyewe. Nani alisogeza kioo?

Usihangaike kujibu. Barua hii naileta kwa mkono.

Fundi


30 Juni

Fundi,

Habari za rumande? Wakili wako amenifikishia salamu, na ombi kwamba niseme mahakamani ulianguka mwenyewe, isijulikane kwamba mwanamke alikupiga. Hukuanguka.

Nitasema hivi. Mdogo wangu alifika kwangu siku mbili baada ya barua yangu ya kwanza, uso umevimba, mikono inatetemeka. Nilimpa kazi ya kusogeza kioo, na mikono ikatulia. Ulikuja maabara na bomba la chuma. Ulianza na vioo, kisha yeye. Bomba lilimpata taya, halafu bega, nikasikia mfupa ukivunjika. Ukamburuta kwa nywele juu ya vipande. Nikachukua mtungi wa kuzimia moto nikakupiga kisogoni. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa. La pili pia. La tatu ulikuwa umeshalala chini unaomba maji, na nililipiga kwa nguvu kuliko yote. Na hilo nitalisema.

Kuhusu mke wako, usimtume mtu tena kuniuliza. Wiki iliyopita nilimpelekea nguo hospitali nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Taya lake limefungwa waya, hasemi. Muuguzi alimuuliza kama angependa kuniachia anwani. Alitikisa kichwa kukataa.

Nililia pale koridoni mbele za watu. Siku hizi mtu wa posta akipita, naomba Mungu asiwe na barua yake: nisichokijua siwezi kukuandikia tena.

Dada yake