Ng'ambo ya Yordani

Laeken, mwezi wa tatu 1993

Jean-Baptiste mwanangu,

Huku kwa wazungu tuko wazima, ni baridi tu inatuuma. Jana nilipata sombe, majani ya muhogo ya kwetu, kwenye maduka ya Waafrika pale Porte de Namur, nikapika, majirani wakakuja kunusa mulangoni kama paka.

Bon. Umeniandikia eti Océane, mutoto wa dada yako Rolande, si wa kwetu sababu amezaliwa ng'ambo. We unasomaka Biblia na macho gani? Watu wa Rubeni na wa Gadi walibaki Gileadi, ng'ambo ya Yordani, sababu majani ya kule yalifaa ng'ombe zao. Wakajenga mazabahu kubwa kando ya mto. Ndugu zao waliovuka mto wakazani ni ya mungu mwingine, wakakimbilia mikuki! Wale wakajibu: "Mutulie. Ni ushuhuda tu, kesho watoto wenu wasikatae watoto wetu."

Donc weka mukuki chini. Papa Séraphin, jirani wetu anayerudi huko, anakuletea kitovu cha Océane, kimekauka vizuri, kiko ndani ya kitambaa chekundu. Ukizike chini ya mugomba, pale nilizika chako. Siku atafika Bukavu na kuuliza kwao ni wapi, umuonyeshe ule mugomba, na mudomo wako ufunge.

Mimi mama yako, fimbo ningali nayo.